Kofia ya mtoto hujulikana kwa fundo lake

SIKU moja ya soko pale Gitaza, Muhuta, mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani alinijia akiwa amembeba mtoto mgongoni. Mkono wa kulia alishika kofia ya sufu niliyomuuzia wiki mbili kabla. Wa kushoto alishika kile kipira cha nyuzi kilichokuwa juu yake, kimelowa mate na kunyonyoka nusu.

"Dada, chukua kofia yako," aliniambia bila kupandisha sauti. "Nilikuwa napalilia. Kugeuka, namkuta anakitafuna. Nyuzi nyingine nimezitoa mdomoni kwa kidole."

Nilimrudishia fedha yake, lakini usingizi wa usiku ule haukurudi. Mpaka siku hiyo nilikihesabu kipira kile, ambacho waliosoma Kifaransa hukiita pomponi, kuwa pambo la kuvutia macho ya mteja. Kumbe ndicho sehemu ya kofia inayoweza kumdhuru mtoto, na ndicho nilichokuwa nikikifanya kwa haraka kuliko vyote.

Msomaji asiyeijua pwani yetu ya Tanganyika atauliza: kofia za sufu kando ya ziwa, kwenye joto, za nini? Jibu liko juu ya kichwa chake. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini milima inayoanza pale pale kando ya barabara ya Bujumbura hadi Rumonge hupanda hadi kupita mita 2,000. Huko juu, usiku wa Juni hadi Agosti mtoto bila kofia hulia baridi. Wanaoshuka kutafuta samaki na mawese ndio wateja wetu.

Ufundi huu niliupata ukimbizini. Niliporudi mwaka 2012, kambi ya Mtabila mkoani Kigoma ilipofungwa, mzigo wangu wa thamani ulikuwa sindano mbili za kufumia na kulabu moja ya krosheti. Wenzangu wengi waliorudi wana ufundi huo huo mikononi. Ndiyo maana nayaandika haya: kwa wanaofuma, na kwa wanaonunua kofia kwa dazeni ili wakauze upande wa pili wa mpaka.

Uzi unatoka wapi

Uzi mpya ni ghali, hivyo wengi wetu hufumua masweta ya mitumba. Kabla ya kununua, geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Kama vipande vilifumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa kwa mkono au kwa mshono mwepesi, utafumua uzi mmoja mrefu. Kama vilikatwa kwa mkasi na kufungwa kwa cherehani ya kuziba kingo, utapata vipande vifupi vifupi ambavyo havifai kufuma.

Wengi huliacha sweta hilo la pili. Mimi hulinunua kwa bei ya chini, kwa sababu kipira hakihitaji uzi mrefu. Mwishowe utaukata tu. Na hapa ipo hesabu ya faida: kofia ya mtoto hula gramu 40 hadi 50 za uzi, na kipira kilichojaa vizuri kinaweza kula gramu 10 au zaidi. Ukikitengeneza kwa uzi wako mzuri, unaikata faida yako kwa mkasi. Ila rangi ijaribu kwanza: lowesha uzi, ukandamize kwenye kitambaa cheupe. Ukiacha doa, usiutie kichwani kwa mtoto.

Namna ya kukitengeneza

Kata duara mbili za boksi gumu, upana sentimita 8, kila moja na tundu la sentimita 3 katikati. Zilaze moja juu ya nyingine, kisha zungushia uzi ukipitisha tunduni, mzunguko baada ya mzunguko, hadi tundu likaribie kuziba. Usione uvivu hapa. Kipira chembamba si kibaya kwa sura tu. Nyuzi chache hazibanani, na zisizobanana huchomoka.

Ukimaliza, pitisha mkasi ukingoni kati ya boksi mbili na ukate nyuzi zote kuzunguka. Usizitoe boksi bado. Pitisha kamba katikati yake, kaza, funga.

Kosa langu lilikuwa hapo. Nilikuwa nikifunga kwa uzi ule ule wa sufu, ambao hukatika ukiukaza sana, kwa hiyo nilikuwa nakaza nusu nusu. Sasa natumia uzi wa nailoni ambao wavuvi hushonea nyavu. Unavumilia kukazwa kwa nguvu zote, ila huteleza. Kwa hiyo katika fundo la kwanza upitishe mara mbili kabla ya kuvuta, zungusha hadi upande wa pili ufunge tena, kisha rudia mara ya tatu.

Acha ncha mbili ndefu. Zipitishe kwa sindano kwenye utosi wa kofia, na kwa ndani zifunge juu ya kipande cha kitambaa kigumu ili zisiupasue mfumo. Mwisho kata kipira kiwe duara.

Kwa mnunuzi wa jumla

Usinunue dazeni kwa kutazama rangi. Chagua kofia yoyote katikati ya fungu, shika nyuzi tatu au nne za kipira uvute, kisha fanya hivyo pande nne. Ikichomoka hata moja, rudisha. Kisha ishike kofia kwa kipira peke yake uitikise kwa nguvu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Hata hivyo, fundo zuri si dawa ya kila kitu. Watoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na kofia zao sasa siziwekei kipira. Nawafumia ua bapa la krosheti lililoshonwa kingo zote. Nimepoteza wateja kwa hilo, maana kipira ndicho kinachoita macho sokoni. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa aina hii hakuna mwenye fedha ya kuujenga.

Yule mama alirudi baadaye, safari hii akimtafutia kofia binti yake mkubwa anayesoma. Hakuniuliza bei. Alishika kipira, akavuta upande huu, akavuta upande ule, akakitikisa. Kisha akafungua fundo la kitenge chake na kuanza kuhesabu fedha.