Sifongo wa Chokaa: Umbo Hudanganya

Katika mwambao wa Atlantiki ya Kaskazini, maji yakikupwa, chini ya majabali na kwenye mwani huonekana kijifuko cheupe chenye manyoya, kirefu cha sentimita chache tu. Juu kina tundu moja lililozungukwa na taji la miiba myembamba. Huyo ni mnyama, sifongo aitwaye Sycon ciliatum.

Hana mdomo, tumbo, moyo wala neva. Ukimkata kwa wembe na kumweka chini ya hadubini, utaona ukuta wake umejaa vichumba virefu vyembamba, vimeuzunguka uwazi wa katikati kama spoki za baiskeli. Maji huingia kupitia vitundu vya nje, hupita vichumbani, humwagikia kwenye uwazi ule, kisha hutokea tundu la juu. Kazi ya kuyasukuma hufanywa na seli za kola zilizotanda ndani ya vichumba. Kila seli ina mjeledi mmoja unaopigapiga, na kuuzunguka mjeledi huo kuna kola ya vinyweleo vinavyonasa bakteria. Hicho ndicho chakula chake.

Kati ya ngozi na seli hizo kuna ute uliopachikwa miiba midogo, mingine ya ncha tatu, mingine nne. Sifongo wengi duniani hujenga miiba yao kwa silika. Huyu hutumia kaboneti ya kalisi, na ndiyo maana yumo katika ngeli ya Calcarea, ndani ya faila ya Porifera.

Otto Fabricius alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1780, katika kitabu chake kuhusu wanyama wa Greenland. Mwaka 1872 Ernst Haeckel, mwanabiolojia wa Ujerumani, aliwapanga sifongo wa chokaa kwa kufuata muundo wa mifereji yao: mfuko mtupu, vichumba vilivyozunguka uwazi, au mtandao wa vijichumba vingi. Mpango huo unavutia kwa urahisi wake, lakini haukuonyesha undugu wa kweli, kwa kuwa koo tofauti zilifikia muundo uleule kila moja kwa njia yake.

George Bidder alichungulia mbali zaidi. Mwaka 1898 alitazama kiini cha seli ya kola. Kwa kundi moja kiini kiko juu, na mjeledi huchipuka palepale. Kwa jingine kiko chini, mbali na mjeledi. Mgawanyo huo wa Calcaronea na Calcinea umethibitishwa na vipimo vya DNA, na Sycon yumo katika kundi la kwanza. Hata hivyo, DNA hiyohiyo imeonyesha kwamba spishi zote zinazobeba jina la Sycon hazitoki katika ukoo mmoja. Jenasi hii itabidi ipangwe upya.

Mwanafunzi atakayepata kielelezo akihifadhi katika alkoholi, na asikitie siki wala asidi yoyote, maana miiba itatoa mapovu na kuyeyuka. Akitaka kuiona miiba, aondoe nyama kwa dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Bila miiba, spishi haitambuliki kwa macho.