Mbwa Gani Anafaa Kwenu?

Mara hii tunaeleza juu ya jambo ambalo wengi wanalifanya haraka: kuleta mbwa nyumbani. Hapa Goma mbwa wa jirani anazaa, jirani anagawa watoto wake. Ama mbwa wa njia anaingia mu parsela, watoto wanamupa mabaki ya bugari na vichwa vya sambaza, kiisha anabaki. Hakuna aliyejiuliza neno, na tayari kuna mbwa.

Lakini mbwa anaweza kuishi miaka 10 na kuzidi. Mwanafunzi aliye leo mwaka wa kwanza atapata diploma yake, pengine ataoa, na mbwa angali pale. Basi, mbele ya kumuchukua, tujiulize maswali manne.

1. Nani anabaki nyumbani mchana? Mbwa mdogo anataka kula mara tatu au nne kwa siku, na kufundishwa kila saa. Kama wote wanatoka asubuhi na kurudi jioni, heri mbwa mkubwa aliyekwisha kutulia. Na mbwa mdogo asiachishwe mama yake mbele ya juma nane. Anayeondolewa mapema hajajifunza na ndugu zake kuuma polepole.

2. Tunamutaka kwa kazi gani? Mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa kule Rumangabo, kwa kufuata harufu ya wawindaji haramu. Wale wa kwanza ni wa aina ya bloodhound, wenye masikio marefu na pua ya ajabu. Ni wa kazi, na wana watu wa kuwachunga kila siku. Ukimufunga mbwa wa namna ile mu parsela ndogo ya Birere, atateseka na kuwatesa jirani. Tena kuna mbwa wetu wa zamani wa pori la Kongo, basenji. Yeye habweki kama wengine, hata wawindaji wanamufungia kengele shingoni ili wasimupoteze. Wazungu walimuonyesha London mwaka 1937, wakamusifu sana. Ni mwindaji hodari, lakini anayetaka mbwa wa kupiga kelele usiku asimuchague. Kwa ulinzi wa nyumba, mbwa anayebweka anatosha. Anayeuma analeta mashtaka.

3. Nafasi na chakula vipo? Kama nyumba ni ya kupanga, uliza kwanza mwenye parsela na jirani. Mbwa anayefungwa kamba mchana na usiku anakuwa mkali. Jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, tena watoto wengi. Muulize munganga wa nyama juu ya kumufunga uzazi. Fikiri hata siku ya kukimbia. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, watu walitoka mbio na mizigo kichwani. Mbwa asiyejua kufuata kwa kamba ni vigumu kutoka naye.

4. Nani atalipa chanjo? Hili ndilo kubwa. Kichaa cha mbwa, ambacho waganga wanaandika « rage », kinapita mu mate. Katika watu 100 wanaokufa nacho duniani, karibu 99 waliambukizwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wane kwa kumi wa wanaoumwa ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikisha kutokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa apate sindano ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kiisha irudiwe kama munganga anavyoagiza. Familia isiyoweza kulipa sindano, heri ingoje.

Sasa namna ya kumujaribu. Mutembelee zaidi ya mara moja. Angalia macho: yawe safi. Tumbo lililovimba na mwili mwembamba mara nyingi ni minyoo. Piga makofi: akishituka kisha akarudi kunusa, ni vema; akijificha asitoke, ama akionyesha meno, asiende mu nyumba ya watoto wadogo. Akiwa ametulia, mwenyewe amuguse masikio na miguu huku mukiangalia. Mbwa wa njia usiyemjua, usimushike kwa mikono. Usichague kwa rangi. Rangi haiwezi kukueleza tabia yake.

Na mbwa akiuma mtu, hata mbwa wenu, hata kidonda kidogo: osha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kiisha nenda hospitali siku ile ile. Usiweke pilipili wala majani. Mbwa asiuawe upesi. Afungwe mahali salama na kuangaliwa siku 10. Watoto wengi wanaficha juu ya kuogopa fimbo. Wazazi na walimu, musimupige mtoto aliyeumwa. Mwanafunzi, ukiumwa, sema.