Kabla Gia Boksi Haijashushwa

Gari la auto lililozeeka likianza kusita unapoweka D, hukumu hutolewa mapema mno: gia boksi imekwisha, ishushwe. Kwa mtu wa Ikinga, wilayani Ileje, hukumu hiyo ni ghali. Gari litakokotwa mpaka Tunduma, gia boksi ya mtumba itaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma, na ikishafungwa ugonjwa unaweza kubaki pale pale. Msimamo wangu ni kwamba gia boksi iwe ya mwisho kushukiwa. Vitu vinavyoizunguka huharibika kwa wepesi zaidi, na vingi hupimwa bila kufungua hata nati moja.

Nianze na kosa ambalo baridi ya milima ya Ileje hulizidisha. Magari mengi huku yameshatolewa themostati ili injini isichemke. Isipokuwepo, maji huzunguka kwenye rejeta wakati wote, na asubuhi ya Juni au Julai injini inaweza kutembea mwendo mrefu bila kupata joto lake. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, kina Corolla, Carina na Mark II zenye gia za kompyuta, gia ya nne, yaani ovadraivu, hairuhusiwi kuingia mpaka maji ya injini yafike nyuzi joto 50 au 60 hivi. Dereva anasikia injini ikilia kwa mzunguko mkubwa, petroli inakwisha upesi, gia ya juu haiji. Anaambiwa gia boksi imekufa, nayo inatii amri tu. Dawa ni kurudisha themostati, kisha kutafuta kilichokuwa kinachemsha injini: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, au mfuniko wa rejeta usioshika.

Kinachofuata ni oili ya gia boksi, ambayo wengi huiita haidroliki. Kwenye Toyota zenye kijiti cha kupimia, oili hupimwa gari likiwa limetembea na kupata moto, injini ikiunguruma. Pitisha mkono wa gia taratibu kwenye nafasi zote, rudi P, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kisha usome alama ya HOT. Gari lazima liwe mahali tambarare, jambo la kutafuta hasa kwenye miinuko yetu, kwa sababu kijiti kilichosomwa kwenye mteremko hudanganya. Honda za miaka hiyo ni tofauti: injini huzimwa kwanza, kipimo kikasomwa mara moja.

Itazame oili kwenye kitambaa cheupe na uinuse. Nyekundu angavu ni nzuri. Ikiwa ya kahawia iliyoiva na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuliwa, na hapo fundi wa kufungua ana hoja. Ikiwa ya pinki nzito kama maziwa ya stroberi, maji yameingia. Maji hayo kwa kawaida hutoka kwenye rejeta, kwa kuwa ndani ya tangi lake hupita bomba la kupozea oili ya gia boksi, na bomba likitoboka vimiminika viwili hukutana. Usiliwashe gari hilo tena hata kulihamisha uani: maji hubandua vitambaa vya klachi, na kila dakika ina gharama.

Aina ya oili haina mjadala. IST za kwanza na Toyota nyingi za wakati wake hutumia T-IV. Zilizofuata hutumia WS, na nyingi kati ya hizo hazina kijiti kabisa. Vitz za kizazi kilichoanza 2005, zile za Japani, nyingi zina CVT, ambayo ndani yake kuna mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Nissan X-Trail za kizazi cha pili zenye CVT hutaka NS-2. Ukimimina haidroliki ya kawaida kwenye CVT umeiua kwa mkono wako. Muuza duka akisema zote ni nyekundu, ondoka.

Kuna kipimo kimoja ningependa kila mwenye gari akijue, maana anahitaji simu yake tu. Chagua mahali wazi pasipo na mtu mbele wala nyuma. Injini ikiwa ya moto na imetulia, vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, hamisha gia kutoka N kwenda D na papo hapo uanze kuhesabu kwa saa ya simu. Simamisha unapohisi gari limeshika. Mwongozo wa mafundi wa Toyota hautaki muda huo uzidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R, sekunde 1.5. Rudia mara tatu, ukiacha dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Zikichelewa zote mbili, shinikizo la oili ni dogo: imepungua, chujio limeziba, au pampu imechoka. Ikichelewa D peke yake, shuku klachi ya kwenda mbele. Ikichelewa R peke yake, shuku klachi au breki ya rivasi.

Umeme nao hushukiwa kidogo kuliko unavyostahili. Taa ya O/D OFF ikianza kumweka yenyewe, kompyuta inasema imeona hitilafu. Kwenye Toyota za zamani zenye kiboksi cha DIAGNOSTIC chini ya boneti, fundi huunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anafungua swichi bila kuwasha injini, swichi ya ovadraivu ikiwa ON, kisha anahesabu mimweko. Sita kisha miwili ni 62, solenoidi (vali ya umeme) ya kwanza. 63 ni ya pili. 42 ni sensa ya mwendo. Solenoidi za gia huwa na ukinzani wa omu 11 hadi 15, na katika gia boksi nyingi za Toyota hufikiwa kwa kufungua sampu tu. Marekani, wenye RAV4 za 2001 hadi 2003 walilalamikia gia zinazogonga. Chanzo kilikuwa kwenye kompyuta ya injini, na Toyota ikarefusha dhamana ya kompyuta hiyo. Aliyebadilisha gia boksi pale alitupa fedha.

Usisahau waya unaotoka kwenye throto kwenda gia boksi. Ukilegea, shinikizo hushuka na gia huteleza kwenye mlima. Ukikazwa kupita kiasi, gia hugonga. Marekebisho yake ni spana na dakika chache.

Vipimo vikikubali kwamba gia boksi yenyewe ndiyo mbovu, angalia inavyosafirishwa. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Gari la auto likivutwa kwa kamba injini ikiwa imezimwa, kutoka Ikinga hadi barabara ya lami ya Mpemba na Isongole na kuendelea Tunduma, vyuma vya ndani huzunguka bila oili mpya, na kasoro ndogo hufika gereji ikiwa kubwa. Magurudumu yanayoendesha gari yainuliwe, au gari lipakiwe.

Gia boksi ya mtumba inunuliwe kwa kusoma kibati cha gari, penye maneno TRANS/AXLE, maana Corolla mbili za umbo moja zinaweza kuwa na gia boksi mbili tofauti. Na kabla ya kuifunga, bomba la kupozea lililo ndani ya rejeta lioshwe mpaka litoe oili safi, au rejeta ibadilishwe. Unga wa chuma wa gia boksi iliyokufa hubaki humo, na safari yake ya kwanza injini ikiwaka ni kurudi kwenye ile uliyoinunua.