Ushughulikiaji wa Rufaa baina ya Seva za Saraka: Wajibu wa Programu Mteja

1.0 Utangulizi

Saraka ni hifadhi ya taarifa iliyopangwa kwa muundo wa mti: shina ni taasisi, matawi ni idara zake, na majani ni watu, vifaa na akaunti. Taasisi kubwa aghalabu haiuweki mti wote katika seva moja. Tuchukulie chuo kikuu ambacho seva yake kuu hutunza taarifa za utawala, ilhali tawi la kitivo cha tiba hutunzwa na seva ya kitivo chenyewe. Programu ikiiuliza seva kuu kuhusu mtumishi wa kitivo hicho, seva hiyo haina jibu, lakini inajua aliye nalo. Hivyo hurudisha anwani ya seva ya kitivo. Anwani hiyo iliyorudishwa ndiyo inayoitwa rufaa katika makala hii. Hoja inayojengwa ni kwamba rufaa si jibu kamili wala si hitilafu, bali ni hali inayodai uamuzi. Programu isiyoufanya uamuzi huo bayana huhatarisha ama ukamilifu wa majibu yake ama usiri wa nywila za watumiaji wake.

2.0 Dhana ya Rufaa

Istilahi hii imeteuliwa kwa kuwa tayari inafahamika katika huduma za afya. Mgonjwa anayefika katika zahanati isiyoweza kumtibu hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa. Barua humwonyesha njia, haimbebi. Safari na hatari zake ni juu yake mwenyewe. Njia mbadala ni zahanati kuchukua sampuli, kuipeleka hospitali, kisha kumletea mgonjwa majibu palepale alipo. Katika saraka, njia hii ya pili inaweza kuitwa mnyororo: seva huulizana zenyewe, na mteja hupata jibu moja.

Viwango vya X.500 vya mwaka 1988 vilitambua njia zote mbili. Itifaki nyepesi ya LDAP, iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliingiza rufaa rasmi katika toleo lake la tatu mwaka 1997. Maelezo ya itifaki yanayotumika sasa yamo katika waraka wa RFC 4511 wa mwaka 2006.

3.0 Aina Mbili za Rufaa

Aina ya kwanza hutokea pale seva inapokuwa haina kabisa mahali ambapo utafutaji unapaswa kuanzia. Seva hurudisha matokeo yenye msimbo 10 pamoja na anwani moja au zaidi. Anwani hizo zikiwa nyingi, ni mbadala wa zenyewe kwa zenyewe: kuwasiliana na mojawapo kunatosha.

Aina ya pili hutokea pale seva inapokuwa na mwanzo wa tawi lakini haina baadhi ya vitawi vyake. Hapa seva hurudisha maingizo iliyonayo, hutia miongoni mwake ujumbe wa rejeo kwa kila sehemu isiyokuwa nayo, kisha hufunga kwa msimbo 0, yaani mafanikio. Kila ujumbe wa namna hii huwakilisha sehemu tofauti ya mti. Asiyeufuata mmoja hukosa sehemu hiyo.

Hapa ndipo penye mtego. Programu inayoangalia msimbo wa mwisho tu huona mafanikio na kudhani kwamba orodha imekamilika. Kwa mfano, msimamizi anayetafuta akaunti zote za mtumishi aliyeacha kazi, ili azifunge, anaweza kuambiwa kwamba ipo moja tu, ilhali ya pili ingali hai katika seva ya kitivo.

4.0 Sera Tatu za Programu

Kiolesura cha saraka cha lugha ya Java kinaonyesha vyema machaguo yaliyopo: kufuata rufaa, kuipuuza, au kuikabidhi kwa msimbo wa mtunzi wa programu ili auamue mwenyewe. Kupuuza kunafaa pale tu inapojulikana kwamba sehemu iliyoachwa haihitajiki. Katika Active Directory, utafutaji unaoanzia kwenye mzizi wa kikoa huweza kurudisha marejeo ya sehemu ambazo programu nyingi hazina haja nazo. Aidha, mfumo huo hutoa katalogi ya jumla kupitia poti 3268, ambayo hupunguza haja ya rufaa. Hata hivyo, katalogi hiyo hubeba baadhi tu ya sifa za kila ingizo.

5.0 Hatari za Kufuata

Hatari ya kwanza ni mzunguko usiokoma: seva A humwelekeza mteja kwa B, na B humrudisha kwa A. RFC 4511 inamtaka mteja asirudie ombi lilelile kwa seva ileile, na endapo anatumia kihesabio, aweze kuhimili angalau rufaa kumi zinazofuatana.

Hatari ya pili ni nzito zaidi. Seva mpya huenda ikadai utambulisho. Programu inayotuma nywila ileile popote inapoelekezwa humpa nywila hiyo yeyote awezaye kupenyeza rufaa bandia katika mawasiliano yasiyosimbwa. Kwa upande mwingine, maktaba ya OpenLDAP kwa kawaida hufuata rufaa bila kujitambulisha, isipokuwa mtunzi ameelekeza vingine. Nywila husalimika, lakini mgeni asiyejulikana huonyeshwa machache, na tatizo la majibu pungufu hurudi kwa mlango wa nyuma.

6.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, programu mteja inapaswa kuwa na orodha ya seva inazoziamini, kuhakiki vyeti vyake vya kidijitali kabla ya kutuma nywila, kuweka kikomo cha rufaa, na kumjulisha mtumiaji kila inapoacha rufaa bila kuifuata. Sharti hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote kulitekeleza, na ndilo linalomwezesha msimamizi kutofautisha kati ya akaunti isiyokuwapo na akaunti isiyotafutwa.