Baridi ya Mbinga: Funika miche mapema, mtoto asilale na jiko la mkaa

Mbinga. Kati ya Juni na Agosti, salamu za asubuhi kwenye bustani za bondeni wilayani Mbinga huanza na miche kabla ya habari za nyumbani.

“Miche imeamkaje, mama?”

“Imeamka, ila nyanya zimenuna.”

Hapo mazungumzo hufunguka. Mmoja ataeleza alivyofunika kitalu chake kwa nyasi, mwingine atauliza kama mfuko wa mbolea unafaa. Kutoka kwenye miche wanahamia kwenye kahawa inayosubiri kuchumwa, kisha michango ya shule, kisha mtoto aliyekohoa usiku kucha. Ndoo zikijaa, kila mmoja anashika njia yake.

Mazungumzo hayo ya kila siku yana jambo la kumsaidia mzazi yeyote anayelea mtoto kwenye baridi. Kanuni inayookoa mche wa nyanya usiku ndiyo inayomfaa mtoto mchanga: linda joto ambalo tayari lipo, na lilinde mapema. Mambo huharibika pale familia inapoacha kulinda joto hilo na kuingiza moto chumbani, au inapomvua mtoto kinga yake ili kumfunika mche.

Mlimani na ziwani

Mbinga ipo kwenye milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya vijiji vipo juu zaidi. Uso wa Ziwa Nyasa upo mita 475 hivi. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi joto 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana msafiri anayetoka Mbamba Bay na shati jepesi hutafuta sweta akifika Mbinga, ingawa barabara ya lami inayounganisha miji hiyo ina kilomita zipatazo 67 tu.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini sufuria za pande hizo mbili hazijatengana. Kabichi, karoti na maharage hushuka ziwani, na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, hupanda mlimani. Wakati wa baridi, kupanda na kushuka huko kuna maana kubwa kwa sahani ya mtoto.

Kwa nini miche hufa alfajiri

Mchana udongo hupokea joto la jua. Usiku huliachia. Kukiwa na mawingu, sehemu ya joto hilo hubaki karibu na ardhi. Anga likiwa jeupe na upepo umetulia, joto hupaa na kupotea, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutuama bondeni.

Bondeni ndiko kwenye maji wakati wa kiangazi, kwa hiyo ndiko ziliko bustani nyingi, zile ambazo wengi wa Nyanda za Juu Kusini huziita vinyungu. Mkulima hujikuta amepanda mboga mahali penye maji, lakini ndipo baridi inapotuama.

Mazao hayaumii sawa. Kabichi, chainizi, sukuma wiki, karoti na vitunguu huvumilia. Nyanya, pilipili hoho, bamia, mchicha na maboga hudumaa, na majani yake hubadilika rangi. Mche mchanga huteseka zaidi, kwa kuwa mizizi yake bado ni mifupi. Kitalu kikiwa kimebanana na udongo umelowa, kinyausi nao huingia: shina huoza pale linapogusana na udongo, mche ukaanguka.

Namna ya kufunika

Kosa la kwanza ni kufunika kwa kuchelewa. Mfuniko unaowekwa saa tatu usiku unakuta joto limeshaondoka. Kitalu kifunikwe jua linapoanza kuzama, udongo ukiwa bado na vuguvugu.

Kosa la pili ni kulaza mfuniko juu ya majani. Pinda fito za mianzi ziwe kama upinde, au jenga kichanja kifupi, kisha tandaza nyasi kavu, majani ya migomba, mifuko mitupu au shuka kuukuu. Nailoni nayo inafaa, mradi isiguse majani, kwa sababu jani lililogusana nayo hupoa sawa na nje. Pembeni mfuniko ufike chini.

Kosa la tatu ni kusahau kufunua. Jua likishapanda, ondoa mfuniko ili miche ipate mwanga na unyevu upungue. Kitalu kinachoshinda kimefunikwa huota ukungu, na chini ya nailoni miche inaweza kuungua mchana.

Maji nayo yana wakati wake. Mwagilia asubuhi jua likishatoka, na uelekeze maji kwenye udongo. Udongo wenye unyevu wa kadiri hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu, na majani huwahi kukauka kabla ya usiku. Kumwagilia jioni hulaza majani yakiwa yamelowa, hali inayokaribisha magonjwa ya ukungu kama bakajani chelewa kwenye nyanya.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha miche, punguza mfuniko kidogo kidogo ili ikomae. Ikishahamia bustanini, weka matandazo ya nyasi kavu kati ya mistari ili udongo usikauke. Thamani ya nyasi haihitaji kufundishwa Umatengo. Katika kilimo cha ngoro, nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa miraba na kufukiwa kwa udongo, na mashimo yanayobaki katikati huzuia maji yasibebe rutuba ya mlimani.

Chandarua kina kazi yake

Kati ya vitu vinavyoonekana juu ya vitalu kipo chandarua. Ni chepesi, kipo nyumbani, na msimu wa baridi mbu hupungua mlimani. Ni rahisi kusema kwamba kitandani hakina kazi.

Kwa baridi, chandarua ni mfuniko dhaifu. Matundu yake huruhusu hewa ipite, na ndivyo kilivyokusudiwa ili aliyelala ndani apumue vizuri. Nyasi kavu hulinda joto la kitalu vizuri zaidi na hazigharimu kitu. Dawa iliyowekwa kwenye chandarua nayo ni ya kuua mbu chumbani. Haikutengenezwa kwa ajili ya mboga za kuliwa.

Zaidi ya hayo, malaria haikomei ziwani. Shule zikifungwa katikati ya mwaka, watoto wa Mbinga hushuka kwa bibi na babu Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, kwenye joto na mbu. Mtoto anaweza kuumwa na mbu huko na homa ikamjia akiwa amesharudi mlimani, mzazi akadhani ni mafua ya baridi. Anayesafiri aondoke na chandarua chake, na mtoto yeyote mwenye homa apimwe malaria, hata kama nje kuna ukungu.

Ruvuma, pamoja na Lindi na Mtwara, ni mikoa ambako mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule ulianza mwaka 2013. Wajawazito hupewa wanapoanza kliniki, na mtoto anapopelekwa kwa chanjo ya surua ya miezi 9. Chandarua kikichanika, kishone. Chenye kiraka kitandani kina faida kuliko kizima kilicho bustanini.

Joto la mtoto na hatari ya jiko

Mzazi anayefunika kitalu jioni hufunga mlango na madirisha kuzuia baridi. Jiko la mkaa lililopika ugali bado lina makaa mekundu, hayatoi moshi tena, na chumba cha watoto ni cha baridi. Kuliingiza humo linaonekana jambo la huruma.

Jiko la namna hiyo linaua. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa, hujishika kwenye chembe nyekundu za damu mahali pa oksijeni, na mwili ukakosa hewa wakati mtu anaendelea kupumua. Moshi humfanya mtu akohoe na kutoka nje. Gesi hii haimwamshi aliyelala. Kutokuwepo kwa moshi kusimpe mzazi matumaini, maana makaa mekundu ndiyo yanayoitoa. Watoto wadogo na mimba iliyo tumboni huathirika haraka.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiamka na dalili hizo pamoja, fungua milango, watoe wote kwenye hewa safi na wapelekwe hospitali, hata wanaosema wamepata nafuu.

Mtoto apewe joto kama mche unavyopewa. Avalishwe mapema jioni kabla hajapoa, kwa nguo nyepesi kadhaa zinazopandana. Kwa kawaida mtoto mchanga huhitaji nguo moja au mbili zaidi ya alizovaa mtu mzima, pamoja na kofia na soksi. Akilowa, abadilishwe mara moja, na uso wake uachwe wazi. Kukiwa na jua mchana, mpunguzie nguo asitoke jasho.

Kwa aliyezaliwa leo, kifua cha mama ndicho chenye joto la uhakika. Alazwe ngozi kwa ngozi, wote wawili wafunikwe khanga na blanketi, anyonye mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kusubiri saa 24 kabla ya kumwogesha kwa mara ya kwanza. Baba naye anaweza kumlaza kifuani mama anapopumzika.

Baridi isipunguze chakula

Ruvuma inavuna mahindi, maharage na mpunga. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa kitaifa ni asilimia 30. Ghala lililojaa mahindi halijitoshelezi kumkuza mtoto. Anahitaji chakula mchanganyiko.

Msimu huu una mitego yake. Kahawa inachumwa, wazazi wanatoka alfajiri na kurudi wamechoka, na mtoto huachiwa uji mtupu au chai ya rangi na kiporo. Mchicha nao umedumaa kitaluni. Wiki zinapita bila mboga ya majani.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, kipimo kinachotumika ni makundi 5 ya chakula kati ya 8 kwa siku, maziwa ya mama yakihesabiwa kuwa kundi mojawapo. Nyumba ya Mbinga inaweza kuyafikia bila anasa: maziwa ya mama, ugali laini, maharage yaliyopondwa, chainizi au sukuma wiki iliyokatwa ndogo, na usipa waliosagwa na kuchujwa. Usipa huliwa na mifupa yake, hivyo humpa mtoto protini pamoja na madini ya chokaa. Mboga iwekewe mafuta kidogo au iliwe na parachichi, kwa kuwa vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Chai isiambatane na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa.

Kwa wanaoishi ziwani, mzunguko ni huo huo kwa upande wa pili. Upepo mkali wa kusini ukichafua maji, mitumbwi hulala ufukweni na samaki wakaadimika. Maharage kutoka mlimani hushika nafasi yao, na kisamvu na matembele hukubali joto la huko.

Wakati wa kwenda kituoni

Nimonia huletwa na vimelea, lakini chumba kilichofungwa chenye watu wengi na moshi wa kuni humweka mtoto kwenye hatari kubwa zaidi. Apelekwe chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 bila kuruka, na apumzike mbali na moshi wa jikoni.

Akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni ishara ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri hata kidogo ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea. Kwa mtoto mchanga, mwili kuwa wa baridi ni dalili ya hatari sawa na homa.

Jioni, kabla ya kufunga mlango, mzazi wa Mbinga ana ukaguzi wa vitu vitatu. Kitalu kimefunikwa kwa nyasi. Chandarua kipo kitandani. Jiko limebaki nje, na makaa yamezimwa kabisa ili mtoto anayetangulia kuamka asiyakanyage.

Asubuhi majirani watakutana tena kwenye maji, na swali la kwanza litakuwa la miche. La pili liwe la watoto.