Bata mwitu ni nyama nzuri, ila kwanza jua alivyokufa

Ukishuka mwaloni Kabwe, wilayani Nkasi, macho huenda kwanza kwenye migebuka na dagaa. Lakini siku nyingine hupita kijana ameshika bata mwitu wawili au watatu kwa miguu, anauza kwa bei ya kutupa. Wapo wanaompita, wakisema nyama hiyo ni ngumu na inanuka tope. Wapo wanaonunua bila swali. Makundi yote mawili yanakosea.

Bata mwitu huruka mbali, ndiyo maana nyama ya kifua chake ni nyekundu na mafuta yake ni machache kuliko ya bata wa kufugwa. Ina protini, na madini yake ya chuma hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko yale ya maharage au mboga za majani. Kwa mjamzito na mtoto anayekua, hicho ni chakula cha maana. Hata hivyo, mtoto aliyeambiwa ana upungufu wa damu aendelee na dawa za kliniki. Kitoweo hakichukui nafasi yake.

Mtambue

Anayefaa zaidi kwa sufuria ni bata mdogo mwenye uso mweupe, kisogo cheusi na kifua cha rangi ya kahawia nyekundu. Husimama wima, hutembea kwa makundi kwenye mabwawa na mabonde ya mpunga, na badala ya kulia kwa sauti ya bata wa nyumbani, hupiga mluzi.

Usimchanganye na yule bata bukini mkubwa mweusi, mwenye mng'ao wa kijani mgongoni, uso mwekundu na mwiba kwenye kiwiko cha bawa. Huyo huweza kula mbawakawa wenye sumu inayobabua ngozi, na sumu hiyo ikabaki kwenye nyama yake. Moto wa jiko hauiondoi. Usimpikie familia.

Muulize muuzaji

Swali la kwanza: amewindwa vipi? Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti wa ndege waliwakuta wawindaji wakitega kwa chambo kilichochanganywa na kiuatilifu cha Furadan. Ndege hulewa, hushindwa kuruka, kisha hukamatwa na kuuzwa kama kitoweo. Wengine huchinjwa wakiwa bado hai, hivyo mnunuzi huona damu na kudhani wako salama. Kisu hakitoi sumu, wala kuchemsha si dawa ya kutegemea.

Kwa hiyo, bata asiye na jeraha la mtego wala risasi, na muuzaji anababaika kujibu, mwache. Aliyekwisha nyonyolewa na kukatwakatwa mwache pia, maana huwezi kumkagua. Kibudu ndiyo kabisa.

Swali la pili: ana kibali? Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukutwa na nyama ya ujangili nako ni kosa. Utaratibu ulizie kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Swali la tatu: amepigwa kwa nini? Marisau mengi hutengenezwa kwa madini ya risasi, na vipande vyake vidogo husambaa kwenye nyama bila kuonekana. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto na mjamzito wasile bata wa marisau. Watu wazima nao wakate na kutupa nyama yote iliyochubuka.

Namna ya kupika

Nyonyoa mbali na watoto, usiguse uso, kisha nawa mikono kwa sabuni. Toa tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia. Ukiweza chuna ngozi kabisa, maana harufu ya tope hukaa zaidi kwenye mafuta yake. Utumbo, ini na figo tupa.

Chemsha kwa moto wa taratibu, pamoja na tangawizi na vitunguu saumu, kwa saa moja na nusu hadi mbili. Nyama iachie mfupa na isibaki na wekundu wowote ndani. Kisha unga kwa vitunguu na nyanya, kamulia ndimu, ule na ugali wa ulezi au wa mahindi. Nyanya na ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai hupunguza, hivyo inywe baadaye.

Mtoto aliyevuka miezi sita mpondee nyama iwe laini kabisa. Mwenye shinikizo la damu apunguziwe chumvi. Mwenye jongo ale kidogo sana na asinywe mchuzi mwingi.

Dalili za hatari

Baada ya kula, mtu akianza kutoka mate na jasho jingi, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka au kupumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya mara moja. Usimtapishe, usimpe maziwa. Chukua nyama iliyobaki, mweleze mganga mlichokula. Sumu ya aina hii ina tiba, lakini haisubiri kesho.

Na ukikuta ndege wengi wamekufa ufukweni, usiwaguse. Januari 2017, ndege pori waliokufa kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda walipimwa na kukutwa na homa ya mafua ya ndege. Mwite ofisa mifugo, na wazuie watoto wasiokote.

Mzazi mwenzangu, bei ya kutupa isikufumbe macho. Ukikosa jibu la kuridhisha, mgebuka wa jana usiku bado upo mwaloni.