Simu Moja Yatosha Darasa Zima

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hufundishwa njia za kukusanya fasihi simulizi: kuhoji, kushuhudia, kushiriki, kunasa sauti, kupiga video. Akiwa na kumbukumbu nzuri anaweza kueleza faida na udhaifu wa kila njia, akapata alama zote, na bado awe hajawahi kumrekodi mtambaji hata mmoja. Tepurekoda iliyohitajika zamani kwa kazi hiyo leo imo ndani ya simu janja ya mwalimu wake. Simu hiyo moja yatosha kuitoa mada kwenye daftari na kuipeleka nyanjani. Yatosha pia kufundishia lugha yenyewe, mradi mwalimu atambue kwamba somo halimo katika kubonyeza kitufe, bali katika kazi inayotangulia kurekodi na usikilizaji unaofuata.

Hadithi ya kidijitali ni masimulizi mafupi, mara nyingi ya dakika mbili hadi tano, ambayo msimulizi huyatoa kwa sauti yake mwenyewe juu ya picha alizozichagua. Mtindo huu ulikuzwa California katika miaka ya 1990 na Joe Lambert, Dana Atchley na wenzao, na kuanzia mwaka 2001 BBC ikaufikisha kwa wananchi wa kawaida huko Wales. Enzi hizo ulihitaji kompyuta na vifaa vya bei kubwa. Leo simu ya kawaida hupiga picha, hunasa sauti na kuviunganisha vyote viwili. Hata hivyo, katika warsha za Lambert mashine haikutangulia. Washiriki waliketi kwa duara, mmoja akasimulia, wenzake wakamuuliza maswali, kisha akaandika matini fupi. Hatua hiyo ndiyo ambayo shule inapaswa kuirithi.

Ufupi wenyewe ni mwalimu mkali. Dakika tatu hubeba maneno mia tatu hadi mia nne hivi, kwa hiyo kila sentensi lazima ithibitishe kwamba inastahili kubaki. Tuseme kundi la wanafunzi linasimulia jinsi bibi wa mmoja wao anavyosuka ukili na kuushona kuwa mkeka. Picha inaonyesha mikono yake. Hakuna haja ya kusema kwamba anasuka. Maneno yabebe yale ambayo kamera haiyaoni: nani alimfundisha, na kwa nini haachi ilhali mikeka ya plastiki imejaa sokoni. Wanafunzi wakishaandika, husoma kwa sauti, hurekodi, halafu hujisikiliza. Hapo sentensi iliyopendeza kwenye karatasi hugundulika kuwa inamkata msomaji pumzi, na kosa la upatanisho wa kisarufi ambalo jicho lililiruka linakwaruza sikio. Insha iliyorudishwa ikiwa na wino mwekundu mara nyingi hufungwa na kusahauliwa. Sauti iliyokosewa humfanya mwenyewe aombe kurudia.

Wapo wanaosema simu huvuruga masomo, na hawasemi bure. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilionya kwamba simu janja huweza kumtoa mwanafunzi kwenye masomo, na ikataka teknolojia itumike pale tu inaposaidia kujifunza. Onyo hilo linahusu hasa simu ambayo kila mwanafunzi anayo, yenye ujumbe na michezo inayomwita kila dakika. Kifaa kimoja kilichozimwa data, kikiwa mikononi mwa kundi lenye matini iliyokwisha kupitiwa, ni jambo tofauti. Shule inayowakataza wanafunzi kuja na simu inaweza kuendelea kuwakataza bila kuikosa kazi hii.

Utaratibu huohuo unapunguza pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho, kwa sababu hakuna mzazi anayeombwa kununua chochote. Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Kenya ilianza kupeleka vifaa vya aina hiyo katika shule za msingi mwaka 2016. Kurekodi hakuhitaji intaneti. Kinachobaki kuwa ghali ni muda: darasa la wanafunzi sitini haliwezi kumaliza kazi hii kwa kipindi kimoja. Ndiyo maana ifanywe mara moja kwa muhula, kwa makundi, ichukue nafasi ya insha badala ya kuongezwa juu yake.

Faragha nayo haina mjadala. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na sura na sauti ya mtoto ni taarifa zake binafsi. Mzazi aridhie kwanza, bibi anayerekodiwa aelezwe kazi itaonyeshwa wapi, na video isirushwe kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu tu imependeza.

Pingamizi zito zaidi latoka kwa wapenzi wa fasihi simulizi wenyewe: hadithi iliyorekodiwa imegandishwa, ilhali mtambaji hai huibadilisha kulingana na hadhira aliyonayo. Ni kweli, na rekodi haiwezi kuchukua nafasi ya utambaji. Lakini inaweza kuuthibitisha. Msimulizi yuleyule akirekodiwa mara mbili, mbele ya watoto na mbele ya watu wazima, wanafunzi watasikia nini kilirefushwa, nini kilifichwa na wapi wasikilizaji walidakia. Kauli ya kitabu kwamba fasihi simulizi hubadilika itakuwa jambo walilolipima wenyewe. Basi mwalimu anapotoa alama, asivutiwe na mbwembwe za video. Aombe matini ya kwanza na ya mwisho, aziweke pamoja, na atuze umbali uliopo kati yake.